Sura ya 6: Kivuli na Kimo Chake

Shangazi yangu alishona nguo kwa zaidi ya miaka 30, na mpaka leo jicho lake hutua kwenye mshono kabla ya kutua kwenye uso wa mtu. Nilipomwonyesha ukurasa wa kwanza wa albamu ya familia niliyokuwa naitengeneza kwenye kompyuta, nilitazamia angemwangalia bibi, aliyekaa katikati ya picha kwenye baraza la nyumba yetu ya Tanga, mikono mapajani. Hakumwangalia. Alinyoosha kidole mpaka kwenye kifungo cheupe cha shati nilichokuwa nimekipachika kwenye kona ya picha, juu ya kipande cha pindo la kanga.

"Mwanangu, hiki kakishona nani?"

"Hakikushonwa, shangazi. Ni picha ya kifungo, nimeiweka kwa kompyuta."

"Naona. Lakini umepitisha uzi kwenye matundu, na uzi ukishapita kifungo hukaa. Hiki hakijakaa. Kinaning'inia."

Nilirudi mezani nikakikuza mpaka kikajaa skrini. Alisema kweli. Kivuli chake kilikuwa cheusi na kimesogea mbali, ungedhani kifungo kimesimamishwa hewani. Halafu nikatazama picha ya bibi, nayo ilikuwa na kivuli kilekile. Kipande cha kanga, kilekile. Hata lebo ndogo ya karatasi yenye tarehe ilikuwa na kivuli kilekile. Nilikuwa nimevivisha vitu vyote kivuli kimoja kwa mkupuo mmoja, kama sare ya shule, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimekaa.

Kosa hili ni rahisi kulifanya kwa sababu programu zenyewe zinatusukuma huko. Photoshop ilianza kutoa kivuli cha kubonyeza katika toleo la 5, mwaka 1998. Kabla ya hapo fundi alilazimika kunakili leya, kuijaza weusi, kuisogeza pembeni na kuitia ukungu kwa mkono, kisha kuirudia kazi hiyo kwa kila kitu. Kubonyeza mara moja kulituokolea saa nyingi. Lakini ile kazi ya mkono ilikulazimisha ukitazame kila kitu peke yake na ujiulize kimeinuka kiasi gani. Programu haiulizi. Inakupa namba za kuanzia, na namba hizo hazijui kama ulichoshika ni kifungo au karatasi.

Mwandishi Mark Twain alipewa hataza Marekani mwaka 1873 kwa kitabu cha kubandikia chenye kurasa zilizopakwa gundi tayari. Kazi ya mbandikaji ikabaki kulowesha na kukandamiza. Sisi tunaobandika kwenye skrini hatuna gundi. Vitu vyetu havina uzito, havikandamizwi, havichomoki. Kinachomwambia mtazamaji kwamba picha imelala juu ya karatasi ni kivuli peke yake, na ndiyo maana kivuli kikikosewa kitu hung'oka ukurasani kana kwamba gundi imekauka.

Watafiti wa uoni walilionyesha jambo hili kwa namna inayonisisimua kila ninapoikumbuka. Mwaka 1997 Daniel Kersten, Pascal Mamassian na David Knill walichapisha jaribio la mpira mdogo ndani ya sanduku lililochorwa kwa kompyuta. Mpira unakwenda kwa mshazari toka pembe moja ya skrini hadi nyingine, njia ileile, ukubwa uleule. Kivuli kikifuatana nao kwa karibu, mtazamaji anauona mpira ukiteleza sakafuni kuelekea nyuma ya sanduku. Kivuli kikibaki chini, anauona mpira uleule ukipaa. Mpira haukubadilika hata kidogo, kilichobadilika ni kivuli, na jicho likaamini kivuli.

Kwa hiyo nakuomba msomaji, kabla ya kugusa kipanya, ubadili swali. Usiulize "kivuli gani kitapendeza hapa?" Uliza "kitu hiki kimeinuka milimita ngapi?" Kivuli ni habari ya nafasi iliyo kati ya kitu na kile kilicho chini yake. Ukishaijua nafasi, kivuli karibu kinajichora chenyewe.

Milimita zinapimika. Ukurasa wa kawaida wa albamu ya namna hii ni mraba wa inchi 12, na kwa uchapaji mzuri tunauandaa kwa pikseli 300 kwa kila inchi, yaani pikseli 3,600 kwa 3,600. Inchi moja ni milimita 25.4, hivyo milimita moja ni takribani pikseli 12. Namba hiyo ya 12 iandike kwenye karatasi uibandike kando ya skrini. Sasa chukua rimu ya karatasi za kawaida za kuchapia. Ina karatasi 500 na unene wake ni kama sentimita 5, kwa hiyo karatasi moja ni sehemu ya kumi ya milimita: pikseli moja na kidogo. Karatasi ya manila huizidi mara mbili au tatu, pikseli 3 au 4. Kifungo cha shati ni milimita 2 hadi 3, pikseli 24 mpaka 36. Na mimi nilikuwa nimevipa vyote umbali wa pikseli 70, karibu milimita 6. Ni kama mtu aliyepenyeza penseli chini ya picha ya bibi, na penseli nyingine chini ya lebo.

Utaniuliza milimita za kimo zinageukaje kuwa umbali wa kivuli. Hapo watu wa pwani tuna kipimo chetu, cha zamani kuliko kompyuta yoyote. Kwa madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata wengi pwani, wakati wa alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, ukijumlisha kile kivuli kidogo kilichokuwapo jua lilipokuwa juu kabisa. Tanga, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini na hakuna kivuli cha kujumlisha. Siku hizo alasiri inapoingia, jua liko nusu ya njia kati ya utosi na upeo wa macho, na fimbo ya mita 1 ina kivuli cha mita 1 kamili. Uweke ukurasa wako kwenye nuru hiyo ya alasiri na hesabu yote inakuwa nyepesi: umbali wa kivuli ni sawa na kimo cha kitu. Kifungo kilichosimama milimita 3 juu ya karatasi, kivuli chake pikseli 36. Basi.

Karatasi inahitaji huruma kidogo katika hesabu hii. Kwa unene wake ingestahili pikseli moja, lakini karatasi hailali kama bati. Hujikunja kwa joto na unyevu, kingo zake huinuka nusu milimita hapa, milimita nzima kule. Mimi huipa foto umbali wa pikseli 5 hadi 8 na lebo ya karatasi nyepesi 3 au 4, na nikitaka pembe ionekane imebanduka naishughulikia pembe hiyo peke yake.

Baada ya umbali kuna ulaini wa ukingo, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi kwa kuacha kompyuta kabisa. Siku iliyofuata maneno ya shangazi nilikata pindo la kanga kuukuu, nikachukua kifungo halisi, sindano na uzi, nikakishona kwenye pindo. Nikaliweka juu ya manila nyeupe kwenye meza iliyo hatua mbili toka dirishani, saa tisa na nusu mchana, nikainama mpaka pua ikakaribia kitambaa.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba vivuli vilikuwa viwili. Pale kifungo kilipokaribia kitambaa palikuwa na mstari mwembamba, mweusi kuliko chochote kingine mezani, haufiki hata nusu milimita, kama wanja. Nje ya mstari huo kulikuwa na kivuli kingine, kipana, kinachochuja pole pole mpaka huwezi kusema kimeishia wapi. Matundu manne ya kifungo yalikuwa na giza lake humo ndani, na uzi ulipoingia tunduni ulitupa kivuli chembamba kama unywele juu ya uso wa kifungo. Upande wa dirishani hapakuwa na kivuli kipana, ila ule mstari wa wanja ulizunguka kidogo hata huko. Nikakibonyeza kifungo kwa ncha ya kidole: kile kivuli kipana kikajivuta ndani, mstari mweusi ukanenepa. Nikakiachia, shingo ya uzi ikakiinua tena. Mafundi cherehani huiacha shingo hiyo makusudi kifungo kinaposhonwa kwenye kitambaa kinene, ili nguo ipate nafasi ya kupita chini yake. Shangazi alikuwa anaitafuta shingo hiyo kwenye ukurasa wangu, na hakuiona.

Ule mstari wa wanja ndio kukaa kwenyewe. Kivuli kipana kinasema kitu kimeinuka kiasi gani, wanja unasema kinagusa wapi. Programu ikikupa kivuli kimoja tu, inakupa kile kipana bila wanja, na kitu kinaelea.

Ulaini wa kile kipana unatokana na ukubwa wa chanzo cha mwanga. Jua, tunavyoliona angani, lina upana wa nusu digrii hivi, kwa hiyo ukingo wa kivuli chake hutanuka kama milimita 9 tu kwa kila mita 1 ya umbali kati ya kitu na kivuli. Kwa kifungo cha milimita 3 hiyo haifiki hata pikseli moja, na kivuli cha juani kitaonekana kimekatwa kwa wembe. Lakini nani anafungulia albamu juani? Tunaitazama sebuleni au barazani. Dirisha lenye upana wa mita 1, ukiwa umbali wa mita 2, linatoa ukingo laini unaokaribia nusu ya kimo cha kitu. Kwa hiyo kifungo chenye umbali wa pikseli 36 kitapata ulaini wa 18 au zaidi kidogo, na foto yenye umbali wa 6 itapata 3 au 4. Ukumbuke uwiano huo kuliko namba zenyewe. Kinachoinuka kivuli chake husogea, hulainika na hupauka, vyote vitatu kwa pamoja. Kivuli kilichosogea mbali huku kikibaki kikali na cheusi ni cha taa ya jukwaani.

Sasa turudi kwenye skrini. Katika Photoshop, ukishaweka kivuli kwa mtindo wa leya, kuna amri ya kukitenganisha na kitu chake kiwe leya inayojitegemea. Katika GIMP, ambayo ni ya bure na inaiweza kazi hii yote, njia isiyonisumbua ni ileile ya zamani: nakili leya, ijaze rangi ya giza, itie ukungu, isogeze. Kivuli kikishakuwa leya huru unaweza kukifanyia lolote. Mimi hutengeneza viwili kwa kila kitu kinene. Cha kwanza ni wanja: umbali wa pikseli 2 au 3, ulaini mdogo, ukolevu wa asilimia 50 hadi 60. Cha pili kiko chini ya cha kwanza: umbali kamili wa kimo, ulaini kwa ule uwiano, ukolevu wa asilimia 25 hadi 30. Kwa karatasi iliyolala, wanja peke yake mara nyingi unatosha.

Pembe iliyobanduka inataka mkono mtulivu. Shika leya ya kivuli cha foto, ifungue kwa zana ya kukunja umbo, na uvute pembe moja tu ya kivuli itoke nje, pikseli 20 hivi, ukiacha pembe tatu zilipo. Kisha pitisha brashi ya ukungu pembeni hapo, mara mbili au tatu, na upunguze ukolevu wake. Ghafla foto inajikunja, ingawa foto yenyewe hujaigusa. Watu wengi huvuta pembe zote nne, na foto inageuka trei. Karatasi halisi hubanduka upande mmoja, kwa kawaida ule ulioshikwa na vidole vingi. Nilipoiskani picha ya bibi, pembe ya chini kulia ilikuwa na alama za kukunjwa za miaka mingi. Basi ndiyo niliyoivuta.

Utepe una tabia yake. Unainuka, unashuka, unagusa karatasi, unainuka tena, na kivuli chake kinaondoka na kurudi kama mawimbi: pale utepe unapogusa, kivuli kinaingia chini yake kikatoweka. Ukiupa utepe wenye mawimbi kivuli kilichonyooka, mawimbi yanageuka mchoro tu. Hii ndiyo kazi inayochukua muda mrefu kuliko zote kwenye ukurasa, na sijapata njia ya mkato.

Rangi ya kivuli si nyeusi. Leonardo da Vinci aliandika kwamba vivuli kwenye ukuta mweupe wakati wa machweo huonekana vya buluu, na sababu ni kwamba pale jua lisipofika, mbingu bado inafika. Kivuli kina mwanga ndani yake, mwanga uliotoka kwingine. Juu ya kanga yangu nyekundu, kivuli cha kifungo kilikuwa wekundu wa damu ya mzee, wala hakikuwa kijivu. Kwa hiyo chukua rangi ya kitu kilicho chini, itie giza sana, uitumie hiyo, na leya ya kivuli uiweke katika hali ya kuzidisha ili nakshi za kanga zipenye. Kahawia iliyoiva inafaa karibu kila mahali. Juu ya karatasi nyeusi kivuli hakitaonekana hata ukifanyeje, na usikilazimishe. Huko kitu hutenganishwa na ukingo wake unaopata mwanga.

Mwanga wenyewe utoke upande mmoja. Hili kila mtu analijua, na bado linavunjwa kila siku, kwa sababu mapambo mengi yanayouzwa mtandaoni yana vivuli vilivyookwa ndani: ua lenye mwanga wa kulia, klipu yenye mwanga wa kushoto. Nunua yasiyo na vivuli. Na ukizungusha kitu ambacho kivuli chake kimeshaunganishwa nacho, kivuli nacho kitazunguka, jua lipande kwenye pembe mpya. Foto, kwa upande wake, ina ruhusa ya kuwa na mwanga wake wa ndani. Bibi ameangaziwa toka kulia, ukurasa wangu toka juu kushoto, na hakuna ugomvi, maana foto ni karatasi na ya ndani ni ya siku ile. Lakini ukimkata bibi kwa mkasi wa kompyuta na kumsimamisha peke yake juu ya ukurasa, ugomvi unaanza: sasa ni kitu, na jicho linataka aangaziwe kama vitu vingine. Mimi simkati mtu.

Nirudi kwenye zile pikseli 70, kwa sababu hazikutoka hewani. Ukurasa wa pikseli 3,600 hauenei kwenye skrini, hivyo tunaufanyia kazi ukiwa umepunguzwa hadi robo au chini yake. Kivuli halali cha pikseli 12 kinakuwa 3. Ukiutuma kwa simu, ukapunguzwa upana hadi pikseli 600, kinabaki 2. Mtu anaona kivuli kimepotea, anakiongeza, kisha albamu inarudi toka kiwandani na kila picha ina uzio mweusi. Lilinikuta hilo kwenye albamu nzima ya harusi ya mpwa wangu, na kurasa zake bado zinaniuma. Hukumu ya kivuli itolewe ukurasa ukiwa katika ukubwa wake kamili, au kwenye karatasi: chapa kipande cha inchi 4 tu, uende nacho dirishani.

Kuna jaribio moja zaidi ninalolifanya kabla ya kufunga faili. Naupindua ukurasa wote juu chini. Akili ya mtu huchukulia kwamba mwanga unatoka juu; mtafiti wa uoni V. S. Ramachandran alilionyesha hilo mwaka 1988 kwa miduara iliyotiwa kivuli, ambayo ukiigeuza, vipele vinakuwa mashimo. Ukurasa ukiwa juu chini, kifungo changu hudidimia kama kisima kidogo kwenye kanga, na foto huonekana imechongewa nafasi ndani ya karatasi. Kitu kikigoma kudidimia na wenzake, mwanga wake umetoka kwingine, na nakifuata hichohicho.

Ukurasa wa bibi niliutengeneza upya kwa siku tatu. Kifungo kilipata wanja wake na shingo yake ya uzi, milimita moja. Lebo ikalala. Nikauchapa nikampelekea shangazi barazani, mwanga wa alasiri ukiwa unaingia toka kushoto. Aliushika muda mrefu, akamwangalia bibi, akasema mama alikuwa hapendi kupigwa picha. Kisha akashuka kwenye kifungo, akausogeza ukurasa karibu na macho.

"Uzi huu mweupe," akasema, "kwenye kanga nyekundu. Hukupata mwekundu?"